Nilipiga Yowe Katikati ya Somo la Uwakala

Jumamosi, jioni. Joto halijapungua tangu asubuhi, na ziwani hakuna hata upepo. Damu iliyo kwenye kitenge nimeiloweka mara ya pili sasa. Haitoki.

Niandike tu, nisije nikapasuka.

Mnaopita hapa mara kwa mara mnajua ugomvi wangu na sheria. Mahesabu hayanisumbui, nipe kampuni nzima nitaifungia mahesabu ya mwaka huku nasonga ugali. Lakini somo la sheria kwenye mtihani wa uhasibu wa CPA limeshaniangusha mara mbili, na safari hii nimeapa. Ndiyo maana kila Jumamosi mchana napanda kwenye jiwe kubwa nyuma ya nyumba ninayopanga, huku Mkuyuni mlimani, kwa sababu ndani mtandao haushiki. Naegemeza simu kwenye kopo, naweka hedifoni isiyo na waya kwenye sikio la kushoto (ya kulia ilipotea zamani), na namsikiliza mwalimu anayefundisha akiwa Dar.

Leo ilikuwa uwakala. Mwalimu alisema wakala akitenda kwa niaba yako, mbele ya sheria umetenda wewe. Nikainama kuandika.

Nilipoinua kichwa simu haipo.

Mwanamume mwenye fulana ya njano alikuwa anateremka mlima kwa kuruka mawe, simu yangu mkononi. Na mwalimu bado anaongea sikioni mwangu! Simu inakimbia, somo linaendelea. Kisha sauti ikaanza kukatakata, ikapotea.

Hapo ndipo nilipopiga yowe. Mwizi!

Mimi ni Mhaya, kazi ndiyo iliyonileta Mwanza, na sikuwahi kupiga yowe kwenye mtaa wa Wasukuma. Wao huliita mwano. Likishalia, kila mwenye miguu anatoka, na asiyetoka ataulizwa baadaye alikaa ndani kwa nini. Mama Kulwa, jirani yangu wa ukuta mmoja, alilidaka kabla sijavuta pumzi nyingine, akalipaza kwa sauti nyembamba iliyozunguka mlima mzima. Milango ikafunguka juu na chini. Watu wakatoka na walichokuwa nacho: mchi, mpini wa jembe, mawe.

Niseme ukweli, nilifurahi. Niliteremka peku nikisema moyoni, mpigeni huyo mbwa, mvunjeni. Nilitaka aumie. Nilikuwa na hasira ya mitihani yote niliyoanguka, na nikaona nimempata wa kuilipia.

Walimkamatia kwenye gereji, chini barabarani. Nilipofika, fulana haikuwa ya njano tena. Alikuwa amelala ubavu, magoti kifuani, na watu wanapokezana kumpiga. Mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni alimkanyaga vidole. Fundi wa gereji alikuwa na spana, ile kubwa ya kufungulia magurudumu ya lori.

Nikajipenyeza karibu zaidi, na mwalimu akarudi sikioni. Simu ilikuwa mfukoni mwa suruali ya yule mtu, haijazimika. Mwalimu, kwa utulivu wake ule ule, alikuwa anaeleza kuridhia. Mtu akikufanyia jambo ambalo hukumtuma, ukalijua, ukanyamaza, ukapokea faida yake, basi umeliridhia. Limekuwa lako tangu mwanzo.

Spana ikatua kwenye taya. Nilisikia mfupa ukivunjika kwa sikio la kulia, na kwa sikio la kushoto mwalimu anauliza kama kuna mwenye swali.

Nilipiga kelele. Basi! Inatosha! Nimesamehe! Hakuna aliyegeuka. Nikamshika fundi mkono, akaniangalia kwa upole kabisa.

"Dada, kaa pembeni. Wewe umeibiwa leo, sisi tunaibiwa kila siku."

Tairi kuukuu lilikuwa linaviringishwa kutoka nyuma ya gereji. Mtu akaulizia petroli.

Sijui wazo lilitoka wapi. Najua tu kwamba mwizi mtaani hana mtu, na mambo ya mke na mume hayaingiliwi na yeyote. Nimelala usiku mwingi hapa nikisikia wanawake wakipigwa na hakuna mlango uliofunguka, pamoja na wangu. Nilijitupa juu yake.

"Mwacheni! Ni mume wangu! Kaninyang'anya simu kwa wivu!"

Teke lililokuwa lake likanipata begani. Macho yote yakaenda kwa Mama Kulwa, aliyekuwa ameteremka na umati, maana yeye ndiye jirani, na yeye ndiye anayejua kwamba kwangu hajawahi kuingia mwanamume zaidi ya fundi umeme.

Mama Kulwa aliniangalia. Akamwangalia yule mtu, meno yake yakiwa mchangani. Akaja taratibu, akanizaba kofi lililoing'oa hedifoni sikioni.

"Mjinga wewe! Ugomvi wenu wa chumbani ndio unaotutoa jikoni tukaacha mboga motoni? Kila siku makelele, kila siku!"

Watu wakacheka. Wale wale. Fundi alicheka mpaka akaegemea gari, halafu akamwinamia yule mtu akamwambia, "Pole shemeji, lakini mke wako hafai." Akasaidia kumbeba kwenye bajaji.

Mpaka sasa sijui kama lile kofi lilikuwa la kuniokoa au lilikuwa kofi kweli.

Njiani alinilalia mapajani, akitema damu. Niliichukua mwenyewe simu yangu mfukoni mwake. Kioo kimepasuka, mwalimu ameshaaga. Hakuuliza mimi ni nani. Alinishika kitenge tu, kwa nguvu, na sikumtoa mkono.

Hospitali wakampokea haraka. Taya limevunjika pawili, jicho moja hawana uhakika nalo, lakini wanasema ataishi. Muuguzi alitaka maelezo, maana mtu aliyepigwa lazima habari zifike polisi. Jina la mume? Nikamwinamia mgonjwa. Yule mtu akafungua kile kinywa chake akasema, Paulo. Hivyo ndivyo nilivyolijua jina la mume wangu.

"Amepigwa na nani?"

Ningeweza kusema wananchi wenye hasira kali. Ndivyo inavyosemwa siku zote, redioni na magazetini, na hakuna anayefuatilia.

"Na mimi," nilisema.

Muuguzi akaitazama mikono yangu, kisha lile taya.

"Wewe na nani?"

"Mimi tu."

Somo limerekodiwa, nimeliona limeshawekwa. Litanisubiri. Kesho Jumapili nitapika uji mwepesi wa kunywa kwa mrija, kwa sababu wodini mgonjwa hula anacholetewa na ndugu, na sidhani kama Paulo ana mwingine hapa mjini. Polisi nao watakuwepo na watauliza upya. Jibu langu ni lile lile.