Wanaorejelea Seli za Kaka

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mama naye goti limempa nafuu. Mimi sijambo, nakula vizuri, na kabla hujauliza: ndiyo, nalala.

Uliniuliza kwenye simu pilikapilika zangu za siku hizi ni za nini. Ni msimu wa kupandishwa vyeo. Mtafiti hapimwi kwa jasho lake. Anapimwa kwa makala alizochapisha, na zaidi kwa idadi ya wenzake waliozirejelea katika makala zao. Zangu nyingi zimelala fofofo. Moja nina wasiwasi hata mwenzangu niliyeiandika naye hakuisoma. Inayotembea dunia nzima ni ile ya seli za ngozi ya mkono wako.

Unakumbuka nilivyokueleza: kila seli ina kinywele kimoja cha kupapasia yaliyo nje, na kwa wenye ugonjwa wa figo uliomchukua baba, kinywele hicho huwa kifupi. Tulichukua vipande vya ngozi, chako na changu, tukakuza seli zake, na za kwako ndizo zilizokutwa na vinywele vifupi. Ndivyo ulivyojua umerithi. Nilikusihi ukathibitishe hospitali, ukasema ukishapimwa na dada yako mdogo huna haja na wageni. Kisha ukamwambia yule mchumba wako mwalimu asikusubiri. Hilo lilinikera na bado linanikera.

Wenzangu wakirejelewa huhesabu tu, basi. Mimi umbea wangu unaujua. Lazima nisome: ni nani huyu, amenisema vipi, amenielewa au ameparamia tu? Mkuu wa maabara husema nina tabia ya mtu anayechungulia madirisha ya majirani. Basi mwezi uliopita nilikuwa nachungulia makala ya mtafiti mmoja wa mbali, tuliyewahi kumpelekea seli zile. Alinisifu vizuri, halafu chini kabisa, kwa maandishi madogo, akaeleza mshangao wake: seli zinatajwa kuwa za mwanamume, lakini yeye hakuona kromosomu ya kiume hata moja.

Nilicheka peke yangu ofisini. Nilishika simu nikupigie, nikuulize umetuficha nini miaka yote hii. Kisha kicheko kikanikauka.

Seli hukaa kwenye chupa, na kila baada ya siku chache hubadilishiwa chakula. Wakati ule tulikuwa na mazoea ya kuandika jina kwenye kifuniko, si kwenye chupa yenyewe. Vifuniko viwili vikiwekwa pamoja mezani, kila kimoja kikarudi kwenye chupa ya mwenzake, hakuna atakayejua. Kwa bahati vipande vya kwanza vya ngozi bado viko kwenye friji ya barafu, jina likiwa ubavuni mwa kichupa. Niliyafunika majina, nikamwomba mwenzangu avipime upya bila kumwambia kipi ni cha nani. Jana alinipa majibu.

Kaka, vinywele vyako ni virefu. Hukurithi. Vifupi ni vyangu. Mtu wanayemrejelea kote huko ni mimi.

Mkuu amesema tutachapisha masahihisho: matokeo hayabadiliki, anayebadilika ni mwenye seli. Nilimuuliza kuhusu cheo, akasema huenda kikangoja mwaka huu. Nilishangaa kwamba hakikuniuma. Naogopa, sitakuficha. Lakini leo asubuhi niliziweka tena chini ya hadubini, seli nilizodhani nazijua zote, nikajikuta nina maswali ambayo sikuwahi kuyauliza zilipokuwa zako.

Alhamisi naenda hospitali kupimwa rasmi. Na wewe nenda, safari hii sitaki ubishi. Wakishakuthibitishia, oga, vaa shati la maana, umfuate yule mwalimu. Akikufungia mlango, bisha tena.

Wasalimie majirani wote wanaoniulizia, na mpe mama salamu zangu nyingi. Yangu usimwambie, nitakuja kumwambia mwenyewe, nikiwa nimemshika mkono. Ila ya kwako usimcheleweshee hata kidogo. Mwambie sasa hivi, kabla hujaikunja barua hii.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba