Simu Iliyofungwa Bila Kufungwa

Temeke, Dar es Salaam
Jumapili mchana

Dada yangu Somoe,

Shikamoo, na nyingine juu yake kwa ajili ya mwezi mzima niliokaa kimya. Mimi ni mzima. Kifua kilichokuwa kinanibana kwa vumbi la mbao kimetulia tangu nianze kujifunga kitambaa puani, ingawa wenzangu wa kazini hapa Keko wananiita daktari. Goti lako vipi? Bado linakusumbua ukipanda kutoka kisimani? Na mikorosho imechanua vizuri, au ule ugonjwa wa ungaunga umerudi tena? Niandikie yote, hata habari za kuku.

Sasa tuje kwenye lile jambo. Najua Bakari, mtoto wa mjomba, ameshafika huko Newala, na mdomo wake ulifika kabla ya miguu. Amekwambia Saidi amefukuzwa kwa Bi. Mwanahamisi kwa udaku, kwamba nilikuwa nasikiliza mazungumzo ya watu na kuyatembeza mtaani. Bakari alipopanda basi ilikuwa kweli nimeambiwa nihame. Kwamba nilifanya kosa hilo haikuwa kweli, si siku ile wala siku nyingine yoyote. Wewe ndiye uliyeniombea kile chumba, kwa urafiki wenu wa miaka ile mlipokuwa mkipika vitumbua pamoja, kwa hiyo aibu ilikuwa yako kama ilivyokuwa yangu. Ndiyo maana nakuandikia kwa urefu. Soma mpaka mwisho ndipo ukasirike, kama bado utakuwa na hasira.

Tangu mambo yawe ruksa, maduka ya Kariakoo yamejaa vitu ambavyo zamani tulivisikia kwa mabaharia tu. Bi. Mwanahamisi naye akajinunulia simu isiyo na waya. Ina vipande viwili. Kuna kitako chenye antena, hiki kinakaa mezani sebuleni, karibu na dirisha, na ndicho kinachoungana na waya wa ukutani. Halafu kuna mkono wake, na huo hauna waya hata kidogo: unautwaa, unatoka nao uani, unachambua mchele huku unaongea na mtu aliyeko Tanga. Siku ya kwanza nilimzunguka Bi. Mwanahamisi mara mbili nikiutafuta waya, mpaka akaniuliza kama nimepoteza kitu. Simu ya zamani, ile nyeusi ya kuzungusha namba, ilihamishiwa chumbani kwake pamoja na kufuli lake dogo linalozuia mtu asipige bila ruhusa. Zote mbili zinatumia laini ile ile.

Fundi wa dukani alipomaliza kazi, Bi. Mwanahamisi alimsimamisha mlangoni, mimi nipo nasikia.

"Umeifunga?"

"Nimefunga, mama."

"Umefunga kweli kweli?"

"Nimefunga kabisa. Hata ukivuta haitoki."

Akaridhika. Hata hivyo, unamjua kwa kuzidisha tahadhari, kila akimaliza kuongea akawa anautia mkono wa simu kwenye kabati la vyombo na kulifunga, ufunguo anaufundika kwenye pindo la kanga. Kitako kilichobaki mezani akakivisha kitambaa cha kufuma chenye maua. Nakuapia, hata sahani za harusi yake hazikulindwa namna ile.

Kisha maneno yakaanza kutoka. Binti yake Rehema anaolewa, na mazungumzo ya mahari yalikuwa yakifanyika kwa simu na shangazi wa bwana harusi, huko Tanga. Siku moja Bi. Mwanahamisi alimwambia yule shangazi kwamba kitanda anachotaka ni cha mninga chenye nakshi kichwani, wasije wakamletea cha msonobari. Asubuhi yake Rehema yuko kwenye foleni ya bomba, mwanamke mmoja akamwambia, "Haya Bi Mninga, ndoo yako imejaa." Watu wakacheka. Rehema akarudi na ndoo nusu, nusu nyingine ameimwaga njiani kwa hasira.

Wiki hiyo hiyo likatoka jingine, baya zaidi: kwamba bwana harusi aliwahi kuoa na kuacha. Rehema na mama yake walikuwa wanalijua, hawakuona tatizo, lakini hawakutaka liwe la mtaa mzima. Rehema alilia siku mbili. Shangazi wa Tanga naye alipopata habari akasema kama nyumba haiwezi kutunza maneno, itamtunzaje mke wa mtoto wao mpaka siku ya harusi.

Nani wa kushukiwa? Chumba changu kimepakana na sebule. Mimi ni seremala, na siri ya kwanza kutoka ilikuwa ya kitanda. Hata mimi ningejishuku.

Bi. Mwanahamisi aliniita barazani. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Saidi mwanangu, mie sikuulizi. Nakwambia tu. Ijumaa uwe umeshatoa vitu vyako."

"Mama, wallahi sijafungua mdomo."

"Basi maneno yametoka kwa miguu yake." Kisha akasema lile lililonichoma: "Na Somoe alinihakikishia."

Dada, unanijua nilivyo na moto. Nilikuwa na majibu matatu ulimini, yote mabaya. Lakini alipotaja jina lako nikayameza yote nikaenda kazini. Vyumba Temeke vipo, ningepata kingine. Jina ningelipata wapi?

Sasa ndipo anapoingia huyu mtu niliyetaka kukusimulia tangu mwanzo. Anaitwa Agatha, ni wa kwetu Kusini, Masasi. Usianze kutabasamu, ana mume na watoto watatu. Amefanya kazi za simu miaka mingi, alipopunguzwa kazini hakukaa kulalamika, akachukua mkoba wake akawa anapita nyumba kwa nyumba kutengeneza. Alikuwa ameniagiza sanduku la vifaa lenye droo sita, na siku hiyo alikuja kulichukua. Akanikuta napiga randa kama mtu anayepigana.

"Fundi, huo ubao umekukosea nini?"

Nikamweleza yote. Nilitegemea anipe pole, kama wengine. Yeye akakaa juu ya gogo, akaniuliza maswali. Simu yenyewe ina waya au haina? Haina. Kuna wakati mnasikia humo sauti za watu msiowajua? Nikakumbuka kwamba Bi. Mwanahamisi aliwahi kumsikia mwanamume akiagiza mifuko ya saruji, akakata akisema laini zimegongana. Je, mtaani kuna mwingine mwenye simu kama hiyo? Yupo: Mzee Shomari, muuza vifaa vya ujenzi, mtaa wa nyuma. Alinunua duka lile lile.

Agatha akainuka, akajipangusa vumbi la mbao. "Kesho nitakuja. Usimwambie mtu nimesema nini, maana bado sijasema kitu."

Akaja Alhamisi. Nilipomwona anavyofanya kazi ndipo nilipojua kwamba mimi na ufundi wangu wa miaka tisa bado nina la kujifunza. Hakukimbilia bisibisi. Aliamkia, akakubali chai, akamsikiliza Bi. Mwanahamisi mpaka akamaliza, pamoja na sehemu inayonihusu mimi, ambayo ilikuwa ndefu. Kisha akauliza, "Mkono wa simu uko wapi sasa hivi, bi mkubwa?"

"Kabatini. Na ufunguo huu hapa."

"Vizuri. Usifungue. Ondoa tu hicho kitambaa hapo juu, mkae mkitazame hiki kitaa chekundu. Kikiwaka, bi mkubwa uingie chumbani, uinue ile simu nyeusi."

Akatoka. Tukabaki watatu tumekizunguka kitako kile kama tunasubiri yai lianguliwe: mimi, Rehema, na mama yake ameshika pindo la kanga. Mara kitaa kikawaka. Hakuna aliyekigusa. Mkono wa simu umefungiwa kabatini, ufunguo tunauona, na simu inatumika! Rehema akasema "Mama!" kwa sauti ya mtoto mdogo. Bi. Mwanahamisi akaingia chumbani mbiombio, akainua simu nyeusi, na hata mimi niliyekuwa mlangoni nikaisikia sauti ikitoka humo.

"Bi mkubwa, mie Agatha. Niko barazani kwa Mzee Shomari, simu niliyoshika ni yake. Kitako chake nimekichomoa kwenye umeme. Sasa hivi natumia laini yako."

Bi. Mwanahamisi aliirudisha simu taratibu, akakaa kitandani, akanitazama. Nami nikaangalia sakafu, kwa sababu ningemwangalia ningesema jambo ambalo ningelijutia.

Agatha aliporudi alikuja na Mzee Shomari mwenyewe, kofia mkononi. Maskini, alikuwa haelewi kosa lake. Kila akiinua simu yake kuagiza mzigo alikuwa anakuta wanawake wanazungumza habari za vitanda, naye akidhani laini zimegongana. Alikuwa akisikiliza kidogo, kisha anamsimulia mkewe. Safari ya kutoka kwa mkewe mpaka bombani ilikuwa fupi. Aliomba radhi mpaka Rehema akamwonea huruma. Agatha hakumwacha aumbuke. Akasema ni simu mbili zilizotoka kiwanda kimoja zikiwa zimepangwa sawasawa, na zikikaribiana kila moja inamwitikia mwenzake wa jirani.

"Lakini yule fundi aliniambia ameifunga!" akasema Bi. Mwanahamisi. "Nilimuuliza mara mbili!"

Hapo Agatha akacheka, kicheko kizuri kisicho na kejeli. "Hakukudanganya, bi mkubwa. Muulize Saidi. Seremala akifunga kitasa mlangoni, amefanya nini?"

"Amekikaza kwa skrubu," nikasema.

"Na mlango je, umefungwa?"

"Bado. Mpaka mtu azungushe ufunguo."

"Basi. Simu yako ilifungwa kama kitasa. Hakuna aliyezungusha ufunguo."

Dada, mimi nafunga vitasa kila siku ya Mungu, na neno hilo halijawahi kunisimamisha. Wewe fikiria, mtu anauliza hivi, mwingine anajibu vile, wote wanasema kweli, na katikati yao mimi nafungasha godoro langu.

Kazi yenyewe aliifanya kwa utulivu nilioupenda sana. Kwanza alibadilisha njia ya hewani, ili simu yetu isipite inakopita ya Mzee Shomari. Akakitoa kitako dirishani, akakiweka ndani zaidi, akakataza kitambaa kwa sababu kinakipa joto, na akasema mkono wa simu urudi kwenye kitako chake baada ya maongezi upate chaji, maana kuufungia kabatini ni kufungia ufunguo na kuacha mlango wazi. Kisha akakipindua kitako. Chini yake kuna kijifuniko, na ndani yake swichi nane ndogo kama punje za mtama, zote zimeelekea juu. Nyingine nane ziko kwenye mkono wa simu, mahali pa betri. Zikipangwa kwa kufanana, vipande hivyo viwili vinatambuana, na simu ya mtu mwingine haiwezi kuingia. Kiwandani zote zinatoka zikiwa juu, na watu wanaziacha hivyo hivyo.

Wala hakujisifu kwamba amemaliza kila kitu. Alisema, "Kuitumia laini yako hataweza mtu tena. Ila sauti inaruka hewani, na mwenye chombo cha kuinasa anaweza kuinasa. Maneno ya ndani kabisa yaongeeni kwenye simu nyeusi." Nilimheshimu kwa hilo kuliko yote. Fundi mwingine angesema imekwisha, akaondoka na sifa.

"Sasa mie nageuka," akasema. "Mzipange wenyewe, baadhi juu, baadhi chini, ili hata fundi asijue." Akageukia ukuta kweli, mikono nyuma.

Bi. Mwanahamisi akachukua sindano, akavaa miwani, akainama. Akajaribu, akashindwa. Rehema akanyoosha mkono, "Nipe mie, mama."

"Wewe unaolewa, unaondoka."

Kisha akasema bila kuinua kichwa, "Saidi. Njoo."

Nikaja. Akanipa sindano. Nikainama, nikazipanga nane za kwanza, halafu nane za pili zifanane nazo. Nikataka kumwonyesha nilivyozipanga, akavua miwani.

"Sihitaji kujua. Kaa nayo wewe."

"Mama, kesho ni Ijumaa."

"Najua kesho ni siku gani," akasema. "Betri zikitolewa, au vitu hivi vikivurugika, nani atanipangia? Utahamaje na wewe ndiye unayejua?"

Hiyo ndiyo radhi yake, dada. Jioni hiyo alimpigia yule shangazi wa Tanga kwa simu nyeusi, akamweleza mwanzo mpaka mwisho, na harusi ipo pale pale. Kitanda nakichonga mimi, mninga mtupu.

Mwambie Bakari kwamba kama alivyolieneza lile, alieneze na hili, tena kwa mbio zile zile. Nisalimie shemeji yangu, na bibi mzaa mama umwambie kwa sauti kubwa ili asikie. Msalimie pia mwalimu wangu wa madrasa, na mwanao mkubwa umwambie mjomba wake hajasahau kibao cha kuandikia alichomwahidi. Bi. Mwanahamisi anakusalimu sana. Aliniambia nikuandikie kwamba ulimhakikishia vizuri.

Jana Rehema aliniuliza nimezipangaje zile swichi. Nikamwambia akamuulize mama yake, na mama yake akamrudisha kwangu. Najua nawe utataka kujua. Wewe ndiye uliyenilea na hakuna nilichowahi kukuficha, lakini hili, dada, sikwambii.

Mdogo wako,
Saidi, wa chumba kile kile