Wivu Wangu kwa Shemeji wa Mzee Lugembe

Komredi Baba,

Jina hilo la komredi ulinipa wewe kwa utani, likizo ile uliponikuta zizini nikiwahutubia ng'ombe kwa kukosa mkutano. Leo nakurudishia. Katika mapambano haya ya ugonjwa wako tulikuwa wawili, na mmoja wetu alipigana akiwa amefumba mdomo.

Mpunga umevunwa. Ng'ombe wako mwenye pembe iliyopinda amezaa. Mama bado anakupakulia chakula, kisha anakumbuka. Mimi nimerudi chuoni. Nikisimama jukwaani wenzangu wanapiga makofi kama zamani, wala hawajui kinachonitafuna. Si huzuni, Baba. Huzuni ningeibeba. Ni wivu.

Namwonea wivu Mzee Lugembe, yule mchimbaji mstaafu wa Geita aliyelala kitanda jirani na chako mlipozibuliwa mishipa ya moyo. Nyote wawili mliwekewa stenti, kile kibomba cha wavu kinachouacha mshipa wazi. Nyote mlipewa dawa zile zile mbili, aspirini na klopidogreli, ili damu isigande ndani ya kibomba. Nyote mlikuwa na vidonda vya tumbo vya siku nyingi. Mlifanana hata kukohoa! Kwa haki gani, basi, binti zake wanamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, baba," kila kunapokucha, na mimi naliamkia kaburi?

Daktari alitueleza waziwazi: "Msiache hata dawa moja kwa uamuzi wenu, kibomba kitaziba. Lakini mkiona damu, au choo cheusi, semeni mapema. Kwa mtu anayevuja damu kirahisi, naweza kufupisha muda wa kutumia zote mbili, akabaki na moja." Moyo unadai dawa, tumbo linaikataa, kati ya madai hayo daktari anahitaji neno la mgonjwa.

Na neno lako lilikuwa lipi? Siku ya kliniki alikuuliza, "Mzee, choo kinaendaje?" Ukatazama viatu vyako. Ukajibu, "Salama kabisa, daktari." Mimi nilikuwa nimeketi kando yako, binti msomi aliyesafiri kutoka chuoni, tayari kudai kila haki yako isipokuwa ile ya kunitoa nje.

Mzee Lugembe naye alikuja na shemeji yake, Mama Kabula, mdogo wa mkewe. Alipoitwa, mlango wa daktari ulibaki wazi, na foleni nzima ikamsikia: "Usimsikilize huyu shemeji yangu! Anasema salama, anajisaidia lami! Lami ya barabara kuu, daktari!" Mzee akafoka, "Wewe mwanamke, nitakurudisha kwenu!" Naye, "Kwetu ndiko ulikooa, utanirudisha wapi?" Watu walicheka. Wewe ulicheka kuliko wote, Baba. Mzee Lugembe akapimwa damu, akapewa dawa ya kulinda tumbo, na baadaye daktari akamwondolea dawa moja kati ya zile mbili. Wewe ukarudi kwetu Tinde na zote mbili, ukazimeza kwa utii, mpaka asubuhi ile ulipoanguka ukitapika damu.

Msibani Mzee Lugembe alinivuta pembeni. Akaniambia kwamba kwenye ile foleni ulimnong'oneza kuwa choo chako nacho kilikuwa cheusi. Alikushauri unitoe nje. Ukamjibu: "Amesafiri kote huko kwa ajili yangu. Nikimtoa, nitakuwa nimemfukuza. Na kutaja choo mbele ya binti yangu siwezi."

Ulimwambia yeye! Mtu wa kitanda cha jirani! Baba, wivu huo ndio unaoniunguza kuliko wote. Heshima yetu, ile uliyonifunza tangu utotoni, ilimpa mgeni siri yako na kuninyima mimi. Namwonea wivu Mama Kabula kwa ule mdomo wake mchafu, mdomo ambao desturi imemruhusu na mimi imeninyima. Utani ulimwokoa shemeji yake. Adabu yangu ilifanya nini?

Siidharau adabu, Baba. Nakataa tu iingie peke yake chumba cha daktari.

Kwa hiyo nakuahidi. Nimewaita wagonjwa wa moyo wa Tinde na jirani zake, nao waje kila mmoja na mtu asiyemwonea haya: shemeji, mtani, mjukuu. Daktari amekubali kuja kuwaeleza habari za dawa hizi mbili. Mama Kabula atafungua kikao, na nimemwomba asipunguze ukali. Mzee Lugembe ataketi kwenye kiti chako. Nilikificha mara mbili; Mama alikitoa mara mbili.

Pumzika, Baba. Nitamwamkia Mzee Lugembe shikamoo mbele za watu, na akiitikia marahaba kwa kile kikohozi kinachofanana na chako, nitavumilia.

Kikao ni Jumamosi, saa tisa alasiri, uani kwako.