Ufa kwenye Nyumba Nyeupe

Mpwa wangu Zuhura, marahaba, najua umeshaniamkia. Mwambie mama yako kwamba hapa Westville, kitongoji cha Durban, maprofesa hawatundiki picha bila kuniuliza mimi kwanza.

Jana mvua ilitukatiza kupaka kuta za nje, nikawa napaka rangi sebuleni kwa mwalimu mmoja wa chuo, mama kutoka Katalunya, kule Uhispania. Alinipa mkate uliosuguliwa nyanya, mtamu, kisha akanieleza picha aliyoachiwa na marehemu baba yake: nyumba nyeupe ya shamba, kofia nyekundu ya wakulima wa kwao inaelea bila kichwa, na ngazi inayoishia hewani.

"Kofia ni baba. Ngazi ni lugha yetu, tulikatazwa kuisema."

Nami nikamfundisha jinsi picha hiyo ilivyochorwa: rangi ya mafuta, tabaka nyembamba juu ya tabaka, brashi ya nywele tatu.

Akanitazama. "Fundi, kweli umeiangalia kwa karibu."

Mungu akutunze, mwanangu, nakuona hata nikifumba macho. Ila hili usimwambie mama yako: picha haina fremu, imetundikwa kwenye ukuta mweupe, na asubuhi hiyo ufa uliochorwa kwenye nyumba nyeupe niliudhania wa ukuta, nikauziba kwa puti. Alinionyesha, tukaifuta puti kwa pamba, mimi nikimshikia bakuli la maji, mpaka ufa ukarudi.

Mjomba wako, Durban