Chumvi ya Saladi Hutiwa Mwisho

Mjukuu wangu Tumaini,

Huku Njombe tupo, na baridi nayo ipo. Bibi yako anakohoa, akipumzika ananigombeza.

Unauliza kwa nini saladi yako inalegea na kujaa maji kabla wageni hawajaila. Umemuuliza bingwa. Shule niliachia darasa la tatu, lakini enzi za Mwingereza, kwenye hoteli ya wasafiri pale Makambako, hakuna aliyepanga majani sahanini kama mimi.

Siku moja nikaitwa nyumbani: mama anaumwa, hali chochote. Nikaosha majani ya saladi, nikayakausha kwa kitambaa moja moja, nikayapanga na nyanya. Shangazi akaguna, "Majani mabichi kwa mgonjwa? Hayo chakula cha simbilisi tunaowafuga jikoni."

"Simbilisi wangu hula kwa uma, shangazi."

Mama akacheka. "Lete, basi."

Chumvi na limau nilikuwa nimeviweka pembeni. Ukivitia mapema, majani hutoa maji na kulala. Nikamkalisha kwanza, akaniegemea, ndipo nikanyunyiza. Alikula majani mawili.

"Yanalia mdomoni," akasema. Nilivimba kichwa, nikamwahidi kesho nitaongeza yai.

Kesho yake hakuweza kukaa. Niliandaa vilevile, na yai juu, nikasubiri aamke. Wewe pia wasubiri wageni wako wakae, mjukuu wangu.

Jioni majirani walipokuja kumfunika mama uso, majani yalikuwa bado mazima, mazuri kabisa. Chumvi sikuwa nimeitia.

Ni mimi babu yako, ninayekukumbuka.