Shangazi Hedwiga na Darasa la Jioni la Kikwe

Mwaka umetimia, Shangazi Hedwiga, tangu asubuhi ile ulipotutoka. Viatu vyako vya matope bado viko mlangoni. Hakuna aliyethubutu kuvisogeza.

Ulistaafu ualimu lakini hukupumzika. Kila Jumanne na Alhamisi jioni ulifungua ukumbi wa kanisa hapa Kikwe, ukawafundisha watu wazima kusoma na kuandika, bure. Siku za soko ulizunguka soko la Tengeru na kapu ukiwaombea wanafunzi wako madaftari. Mwenye duka mmoja alizoea kukutania, "Mwalimu, leo unanunua au unaomba?" Nawe ulimjibu, "Naomba. Kununua nitakuja nikitajirika." Alicheka, akakupa, na penseli juu yake.

Darasani alikuwepo kaka yako, Baba Lekishon, aliyebaki na ng'ombe wakati wewe ulipopelekwa shule. Alikuwepo pia mkwewe, Naisiae, mke wa mwanawe Tajeu, mpwa wako, na mtoto mgongoni. Miezi mitatu ulimwita Naisiae ubaoni, naye akainama tu. Ukaona hajaelewa, ukasema utamrudisha kwa wanaoanza herufi. Naye moyoni alishaamua: akirudishwa, haji tena.

Halafu siku moja ulipita kwao, ukamkuta jikoni akimsomea mtoto kipande cha gazeti kilichofungia vitumbua, bila kukwama. Ulisimama mlangoni mpaka akamaliza. Ndipo akakwambia, "Shangazi, Baba mkwe mwenyewe hajayajua yale maneno. Nitayasomaje mbele yake?"

Hukumgombeza. Ulimfuata kaka yako zizini, mkaongea wawili. Mliyoyasema hatuyajui hadi leo.

Alhamisi ile Baba Lekishon, mtu ambaye nyumbani hakuna amkatizaye, alisimama na fimbo yake mbele ya darasa zima, akamgeukia mkwewe. "Mwanangu, humu ndani mimi ni mwanafunzi kama wewe. Soma, nami nijifunze."

Naisiae akasoma ubao wote, kuanzia juu hadi chini. Wewe uligeukia dirishani, ukajifanya unaangalia kama mvua inakuja. Shangazi, ulikuwa na nini wewe, hata mlima kama kaka yako ukakusogelea?

Ulipofariki tulidhani darasa tumelizika pamoja nawe. Jumanne iliyofuata wanafunzi wako kumi na wanne walikuja, wakaketi, wakasubiri. Mwishowe Naisiae aliinuka, akamkabidhi Tajeu mtoto, akaandika tarehe ubaoni.

Mpaka sasa ndiye anayefundisha. Baba Lekishon hukaa benchi la mbele. Akikosea, Naisiae humwambia, "Baba, rudia." Naye hurudia.

Unakumbukwa na wanao Ruth na Dismasi, kaka yako Baba Lekishon, mpwa wako Tajeu na mkewe Naisiae, wajukuu zako Lilian na Simel, pamoja na wanafunzi wako wote, ambao safari hii tangazo hili watajisomea wenyewe.

Siku zote tutakukumbuka, Shangazi.