Supu Inayoitwa Fa

Yaya Neema, dada yangu mkubwa,

Hamjambo huko Uvira, na magoti yako je? Huku Joburg baridi inauma masikio. Jumamosi kwaya yetu ilikwenda Kensington kula chakula cha Kivietinamu, ili tumtoe mwenzetu Mama Riziki nyumbani. Tangu mumewe achomwe moto dukani kwao Alexandra, kwa kosa la kuwa mgeni, alikuwa hajakaa mezani na watu.

Mwenye mkahawa, mama mfupi mchangamfu, akatuletea mabakuli makubwa: mchuzi wa mifupa, tambi za mchele, majani mabichi juu. Tukauliza inaitwaje. "Fa," akasema. Tukadhani hatukusikia vizuri. Akarudia kwa furaha, akimtazama Mama Riziki: "Fa! Fa!"

Yaya, kwao ndilo jina la supu hiyo. Lakini sisi wa Kiswahili tulisikia mjane akiambiwa afe. Nilitamani kumzaba kofi kiongozi wa kwaya aliyechagua mahali pale. Mama Riziki peke yake ndiye aliyecheka, kicheko kikavu, akavuta bakuli lake.

"Acheni," akasema. "Kwangu kifo kilikuja na petroli. Hapa angalau kinakuja na kijiko."

Akala mpaka akamaliza. Sisi wengine supu ilitupolea mbele yetu.

Nibusie watoto, na umkande Mama miguu kwa niaba yangu. Mdogo wetu Faraja akianza tena habari za kunifuata Joburg, usibishane naye. Mpe kadi hii aisome.

Wako,
Espérance